Betri Juu ya Bati

Mimi si mtu wa kukaa. Hata dukani kwangu, pale Majengo, Mpanda mjini, kiti cha plastiki nilichojinunulia hukaliwa na wateja. Mimi nasimama, napanga paneli ambazo zilishapangwa, nafuta vumbi kwenye betri, natoka nje kuangalia wingu, narudi ndani. Mume wangu amezaliwa katika ukoo wa watu wa maduka. Anaweza kukaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi bila kuhamisha mguu. Husema kwamba ameoa upepo. Husema akicheka, ila kuna siku hacheki.

Nauza sola na betri. Nilianza na betri za maji, zile za risasi na tindikali, na mpaka leo sina gauni la kazi lisilo na tundu la tindikali. Zikafuata betri kavu, halafu lithiamu kwa wenye uwezo. Na zile za kesho, ambazo bado hazijafika kokote karibu na Mpanda, nazifuatilia kwenye simu kama wenzangu wanavyofuatilia mpira. Wanasema kuna betri isiyo na maji ndani, kila kitu yabisi, ambayo gari litakwenda nayo mbali kuliko matangi ya mafuta tuliyoyazoea. Wanasema kuna betri ya sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi ya kupikia, haihitaji lithiamu wala kobalti, na kwamba itakuwa rahisi mno hata mwenye bajaji wa soko kuu atachoka kusikia habari ya petroli. Nikisoma hayo mwili unaniwasha. Namuuzia mtu betri ya leo kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye simu unatafuta ya kesho.

"Mama, hii ni nzuri?" mteja anauliza.

"Nzuri. Ila kuna nyingine inakuja."

Hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayejibu hivyo, na mume wangu ameshaniambia.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Sisi ni Wasukuma, tulizaliwa Shinyanga, na utoto wangu wote niliutumia nikitazama mikia ya ng'ombe wanaokwenda mbele yangu. Baba alikuwa hawezi kusikia habari ya malisho akatulia. Mtu akipita tu akasema huko Tabora kuna bonde limejaa nyasi, baba haingii tena ndani kulala vizuri. Tulikaa Tabora mpaka mama akazoea majirani na akapanda migomba. Migomba ilipoanza kuzaa, baba akasikia habari ya Katavi. "Huko mbele kuna nyasi," alisema, na mama akaanza kufunga vyombo bila kuuliza neno. Alikuwa akitutania sisi watoto kwamba baba yetu anasikia nyasi zikiota. Mama alifariki huku huku Katavi, na hakuwahi kula ndizi za mgomba alioupanda mwenyewe.

Baada ya msiba huo baba hakuhama tena. Kaka zangu walichukua ng'ombe wakaendelea kusini, kwa sababu huko nako waliambiwa kuna nyasi. Baba akabaki katika kaya yake, ng'ambo ya mashamba ya tumbaku ya Katumba, makazi ya watu waliokimbia Burundi, pamoja na wifi yangu mmoja aliyekataa katakata kuhama. Mtoto wake wa karibu nikawa mimi.

Halafu macho yake yakaanza kuondoka. Nilimleta hospitali ya mjini, na daktari wa macho alimchunguza kwa upole, akanieleza kwamba mbele ya jicho kuna ukungu, na nyuma yake mishipa inakufa taratibu. Ukungu ungeweza kuondolewa, ila kungesaidia kidogo tu, kwa sababu mishipa haifufuki. Akasema ataendelea kuona kidogo kwa muda, hakuna ajuaye muda gani, na jua kali litamsumbua zaidi kuliko mwanga mdogo. Baba alisikiliza yote akiwa ameshika kofia yake mapajani. Tulipotoka nje alisimama pale penye kivuli cha ukuta, akasema bila kunitazama, "Basi uwe unakuja, mayu. Nikuone nikiwa bado naona."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ameniita hivyo tangu nikiwa sijaota meno. Nilimjibu kwamba nitakuja, na nilimaanisha. Nilimwomba pia ahamie kwangu Majengo, akasema mjini watu wanaishi kama kuku wa kuuzwa, tukaliacha hapo.

Pikipiki yangu ya kwanza ya umeme ililetwa kwa treni. Niliinunua kwa sababu ya biashara, nilitaka watu waione ikipita kimya wajue kwamba mambo yanabadilika. Ilikuwa na betri kavu za risasi, nne, chini ya kiti, nzito kiasi kwamba ukiiegemeza vibaya wanakuja wanaume wawili kuinyanyua. Mjini ilikwenda vizuri. Barabara ya kwa baba, yenye mchanga mpaka kwenye vifundo vya miguu, ilikuwa inaila betri. Nilikuwa nafika pale taa nyekundu inawaka, na mara moja moja nilimalizia kwa kusukuma, wanawake wa Katumba wakinipa pole kwa Kirundi na mimi nikijifanya nimeshuka kwa hiari yangu.

Kwa hiyo nilifunga paneli kwenye paa la baba, na kila nikienda ilikuwa lazima nilale. Nafika alasiri, betri haina kitu. Jua la siku ya pili lote linakwenda kwenye kuijaza. Kukiwa na wingu nalala tena. Niseme ukweli, niliteseka. Pale hakuna mtandao isipokuwa juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zizi, na mimi mtu mzima, mwenye duka, nilikuwa napanda kichuguu na kunyoosha simu juu ili nisome habari za betri za Wachina. Nikishuka naenda kuangalia taa ya chaja. Nyekundu. Naingia jikoni kwa wifi, natoka, naangalia tena. Nyekundu.

"Unaitazama kama ng'ombe anayezaa," baba alisema. "Ukimsimamia ndiyo anakawia."

"Baba, ziko betri zinajaa kabla ya chai kupoa."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Aa," akasema. "Huko mbele kuna nyasi."

Alikuwa ananicheka, na nilikasirika kidogo kwa sababu alikuwa na haki. Lakini kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilikaa. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga. Alikuwa anaamka kabla ya jua, wakati ule mwanga bado mwororo, na kukaa mlangoni akitazama vitu vyake. Huo ndio ulikuwa wakati wake wa kuona, huo na jioni, jua likishashuka nyuma ya mashamba. Mchana alikuwa anafumba macho na kuvuta kofia chini, anasema kumejaa maziwa. Asubuhi alikuwa ananiita nije nikae mbele yake, ananitazama huku akinisimulia mambo ya safari zetu ambayo mimi niliyapitia nikiwa mgongoni kwa mama. Nilimsimulia betri ya chumvi. Alipenda sana hiyo. Alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye chumvi maisha yake yote, chumvi ya Uvinza aliinunua kwa gunia na kuilowesha kwa mkono wake, na akaniambia kwamba gari likila chumvi basi halitahitaji dereva, litamfuata mtu yeyote mwenye chumvi mfukoni.

Na alikuwa na redio yake ndogo ya betri za mshumaa, zile ndogo za tochi. Zikiisha hazitupi. Anazianika juu ya bati la banda la kuku, ambalo ni fupi, linamfika kiunoni, na jua likizichoma siku nzima zinarudi na uhai wa kutosha kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Nyumba zote za huko zinafanya hivyo. Utotoni nilidhani betri zinavunwa kwenye bati. Mimi muuza betri nilimletea mpya kila safari, akazipokea kwa shukrani, akaziweka ndani ya kopo, akaendelea kuanika za zamani.

Kisha lithiamu ikanifikia. Nilibadilisha pikipiki nzima. Hii ilikuwa na betri moja yenye mpini, unaichomoa na kuibeba kama ndoo ya maji, na ndani yake ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ile wanayosema haishiki moto ovyo. Siku ya kwanza nilikwenda kwa baba nikarudi, na betri ilikuwa bado ina chaji ya kunizungusha mjini. Nilikipigapiga kiti chake kama mtu anayempongeza punda. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuificha hata leo. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia watu inakuja, na imekuja, na mimi ndiye niliyeikalia.

Nikawa naenda kwa baba mara nyingi zaidi kuliko zamani. Wifi alinisifu kwa hilo, na mimi nilijisifu. Nafungua duka kwanza, nahudumia wateja wa mapema, halafu naondoka. Nafika jua liko utosini. Nampa baba sukari, dawa ya kudondosha machoni na betri zake za redio, nakunywa maziwa nikiwa nimesimama, nauliza afya, nasikiliza majibu nusu, naangalia saa. Nataka kurudi kabla wafanyabiashara wa Ikola wanaoleta dagaa mnadani hawajapita dukani kuchukua taa zao. Kofia yake iko chini mpaka puani. Yeye anageuza uso upande sauti yangu inakotoka, na mimi ninahamahama, kwa hiyo anageuza tena.

"Unakwenda?"

"Nitakuja tena wiki hii hii, baba. Sasa siku hizi ni karibu."

"Ni karibu," alisema.

Safari moja aliniuliza habari za hiyo betri mpya. Nilifurahi kuulizwa. Nilimshikisha mpini, nikamweleza kama ninavyowaeleza wateja: ni nyepesi, inadumu, haitaki maji. Akauliza, sasa haina adui? Nikamwambia adui yake ni joto. Ndani yake kuna kinga inayopima joto, na likizidi inakata umeme, betri inagoma kabisa mpaka ipoe yenyewe. Ndiyo maana siiachi juani, nikamwambia, naiegesha pikipiki upande wa kivuli. Akaupapasa mpini, akasema ni kitu cha ajabu, kitu kinachojua kugoma. Nikatazama saa, nikaondoka.

Safari iliyofuata ilikuwa kiangazi, jua la huku ambalo hata mbuzi wanalilalamikia. Niliegesha kivulini, nikamsalimia baba, nikaingia jikoni kwa wifi aliyetaka ushauri kuhusu taa iliyokuwa inafifia. Tukashughulika na waya. Nilipotoka baba alikuwa amekaa mahali pake, kofia chini, anapumua kwa nguvu kama aliyetoka kulima. Nikaaga. Nikaenda kwenye pikipiki, nikafunua kiti.

Hapakuwa na betri.

Nilidhani nimeibiwa. Nilizunguka nyumba nikiita wifi, nikifikiria nani amepita njiani. Ndipo nilipoiona. Iko juu ya bati la banda la kuku, imelazwa ubavu, katikati ya betri ndogo za redio zilizopangwa kuizunguka kwa unadhifu. Niliigusa nikarudisha mkono. Niliivuta kwa kutumia khanga, nikaipeleka kwenye pikipiki, nikazungusha ufunguo. Hakuna taa. Hakuna chochote.

Nilimpigia baba kelele. Sikuwahi kufanya hivyo maishani na sikujua kwamba ninaweza. Nilimwambia hii si betri ya redio. Hii haianikwi. Nani alimwomba aishike? Angeweza kuanguka nayo, angeweza kuvunja mguu, na mimi nina duka limefunguliwa, nina watu wananisubiri, sasa nitakaa hapa mpaka lini? Wifi alisimama mlangoni akiwa ameshika mdomo. Kuku walikuwa wametawanyika.

Baba alisubiri nimalize. "Imegoma?" akauliza.

"Imegoma, baba. Imegoma kabisa."

"Mpaka ipoe."

"Mpaka ipoe, ndiyo, na ikipoa itakuwa jioni, na giza likiingia nani anapita barabara ile peke yake? Baba, nilikueleza. Nilikwambia joto ni adui yake."

"Uliniambia," alisema. "Ningejuaje bila wewe kuniambia?"

Nilisimama pale na ile khanga mkononi. Ilinichukua muda kuelewa, kwa sababu nilikuwa bado natafuta maneno mengine ya kumkemea. Mzee huyu, ambaye nilimdhania amechanganya betri ya pikipiki na betri za redio, alikuwa amepapasa njia kutoka kwenye kigoda chake mpaka kwenye kivuli, akafunua kiti, akachomoa, akabeba mzigo ule kwenye mwanga unaompofusha, akaulaza juani akijua vizuri kabisa utafanya nini.

"Hukuwa unakaa," akasema. "Ile mbovu ilikuwa inakukalisha."

Nilikwenda nyuma ya zizi nikapanda kichuguu, si kwa ajili ya mtandao. Niliona aibu kulia mbele ya wifi. Nilimpigia mume wangu, nikamwambia betri imepata hitilafu, nitalala. Akauliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akasema, "Basi kaa." Nikakaa chini palepale juu ya kichuguu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukaa mwaka ule bila kuwa na kitu mkononi.

Jua liliposhuka, baba alivua kofia. Aliniita nilete kigoda changu niweke mbele yake, uso wangu uelekee magharibi. "Tulia," aliniambia. "Ukitikisika unapotea." Nilitulia. Miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka, nakiri, kichwani nilikuwa nahesabu wateja, lakini nilitulia. Alinitazama muda mrefu, akisogeza kichwa polepole, upande huu, upande ule, kwa sababu sasa alikuwa anaona kwa pembeni tu, katikati kumeshafungwa. Nilikuwa sijui kama kumefikia hapo. Nimemtembelea wiki baada ya wiki, na dawa yake ya macho nimeileta mwenyewe, na nilikuwa sijui.

"Umezeeka, mayu," akasema.

"Ni vumbi la njiani, baba."

"Si vumbi. Hapa," akanigusa pembeni ya jicho, "hapa ni mama yako kabisa. Nilikuwa nataka kuona kama utafika hapo."

Wifi alileta ugali na mlenda, tukala. Asubuhi betri ilikuwa imepoa na iliwaka bila kinyongo. Sikuondoka mpaka alipokuwa amenitazama tena kwenye ule mwanga wa mapema, na amerudia kwamba nimezeeka.

Habari za betri bado nazisoma. Siwezi kuacha. Wiki hii wameandika kwamba ile ya chumvi imeanza kufungwa kwenye magari madogo huko kwa Wachina, haiogopi joto sana, haiogopi baridi, na mimi nimeshaanza kuwaambia wateja kwamba inakuja. Siku itakayofika nitaiuza, na nitafurahi, na nitampelekea baba aishike. Ila sijamwambia kwamba hiyo haitagoma kirahisi.

Siku hizi naondoka mjini mchana, nafika jioni. Nikifika naichomoa betri mwenyewe na kumkabidhi. Haianiki tena. Anaiburuta mpaka chumbani kwake na kuisukuma chini ya kitanda, kwenye ubaridi, na haitoki huko mpaka aitoe yeye. Asubuhi ananiita mlangoni, nakaa mbele yake bila kutikisika, yeye anasogeza kichwa akinitafuta. Zamani alikuwa ananipata upesi. Sasa anachukua muda, mara nyingine ananyoosha kidole na kuanzia kwenye sikio, na mimi nasubiri mpaka aseme nimezeeka. Akishasema, anaingia ndani kuniletea betri.